Wazee wa kijijini kwetu Kibosho wanaisha, nataka kurekodi simulizi zao, nianzie wapi?

Mchare_wa_Kibosho ameandika:

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni.

Mwezi uliopita tulimzika babu mmoja jirani yetu kule nyumbani Kibosho, Moshi. Pale kihambani, shamba la nyumbani kwake, ikasomwa historia ya marehemu, dakika 3 hivi, alizaliwa 1936, akabatizwa, akafunga ndoa, akajaliwa watoto 7 na wajukuu 23, akasumbuliwa na presha, basi imeisha. Mi nimesimama pale na chepeo mkononi nawaza huyu mzee ndo alikuwa anajua mfongo wa kwetu, ule mfereji wa maji ya shamba, ulichimbwa na ukoo gani, zamu za maji zilipangwaje, nani alikuwa anapiga pembe asubuhi watu watoke kwenda kuzibua, na miaka yote hiyo mi nikipita namwamkia tu naenda zangu. Iliniuma sana na mpaka leo inaniuma.

Nafanya kazi Arusha, nyumbani naenda wikiendi mbili kwa mwezi. Nikasema nianze na babu yangu mwenyewe, ana miaka 80 na kitu na akili iko safi kabisa. Nikaweka simu mezani nikamwambia babu hebu niambie historia ya kijiji chetu. Mzee akakaa vizuri, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaanza Mangi Sina, mtawala wetu wa zamani, Wajerumani walivyopanda 1891 na mizinga, ngome ya mawe, alivyopigana, kama dakika 20 hivi, na karibu yote nilishayasikia tangu niko shule. Afu akanyamaza. Nikamuuliza na nyie je babu? Akasema sisi tulikuwa tunalima tu.

Hapo ndo nimekwama. Najua wana mengi, nayasikia vipande vipande wakikaa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ila nikiwasha simu tu yanapotea. Naomba mwenye uzoefu anisaidie, niulize nini, nirekodi Kichaga au Kiswahili, je wazee wanapewa hela, na nikishapata naweka wapi isije ikapotea kama simu yangu ya mwaka juzi iliyoibiwa stendi na picha zote za marehemu bibi zikaenda. Karibuni.

---

Mwalimu_Mstaafu_Moshi:

Marahaba kijana. Umenigusa, maana kosa hilo nimelifanya mimi miaka mingi darasani. Nilikuwa nawaagiza wanafunzi wa darasa la sita waende wakawaulize babu zao historia ya kijiji, Jumatatu wanarudi na mistari minne, yote majina ya mamangi. Mzee ukimwambia "historia" anaelewa unataka mambo ya wakubwa, vita na utawala, na yeye anajiona hayumo. Ndo maana babu yako amefunga kifungo, ameona ni shughuli rasmi.

Nilipobadilisha nikawaambia kila mtoto achague kitu kimoja pale nyumbani kwao, kinu, kibuyu, panga la zamani, jiwe la kusagia, aulize tu hiki kilitoka wapi na kilikuwa kinafanya kazi gani, nakwambia hawakuweza kumaliza kuandika. Kuna binti aliuliza jiwe la kusagia lililokuwa limegeuzwa kizuizi cha mlango wa banda la mbuzi, bibi yake akalitoa, akaliosha, akapiga magoti akaanza kusaga ulezi mkavu huku anaongea, akaeleza alivyoolewa, jiwe alilikuta kwa mama mkwe, mama mkwe alimkataza kulitumia mpaka azae. Hayo hakuna mtu angeyauliza.

Wewe umesema mfongo. Basi toka na babu nje, mwende mkautembee mfongo, kuanzia juu unapotokea. Mguu ndo unakumbusha. Akifika pale kwenye jiwe anakumbuka nani aligombana na nani hapo, akifika kwa fulani anakumbuka maji yalikuwa yanakata kushoto yanaingia kwa mjane fulani saa ngapi. Wewe beba simu kwenye mfuko wa shati na usiulize sana, uliza "na hapa?" basi.

Kuhusu miaka usimbane. Wazee wengi hawahesabu kwa tarehe, ila wana alama zao na wewe kazi yako ni kuzijua. Akisema siku mwenge ulipowekwa mlimani hiyo ni Desemba 1961. Akisema mangi alipoondolewa, ni 1963. Ushirika ulipovunjwa, 1976, na kwa watu wa kahawa huku kwetu hilo halisahauliki. Vijana walipokwenda kwa Amini, 1978 na 79. Msako wa walanguzi watu wakitupa sukari na vitenge mtoni usiku, 1983. Na kama hakuna alama uliza mtoto wa kwanza alikuwa mgongoni au anatembea? Ulikuwa umeshaoa? Nyumba hii ya bati ilikuwepo au bado ile ya majani? Afu nenda parokiani, misheni ya Kibosho ipo tangu 1893, ukiomba kwa adabu paroko anaweza kukuangalizia kwenye daftari la ubatizo mtoto huyo alibatizwa lini na hapo unakuwa umeupata mwaka bila kumsumbua mzee.

Na lugha ni Kichaga, usibadilishe. Mzee akiongea Kiswahili anakupa ufupisho tu.

---

Mama_Dorcas:

Mwalimu ameongea vizuri ila wote mnasema babu babu babu. Na bibi je?

Mi ni wa Marangu, nilirekodi mama yangu na wamama wenzake wanne kabla hajafariki. Mambo waliyonayo wanaume hawana kabisa. Mfano ukimuuliza mzee kuhusu kahawa atakuambia KNCU, ule ushirika mkuu wa kahawa Kilimanjaro, bei, bonasi, mnada, nani alikuwa katibu wa chama cha msingi. Ukimuuliza mama anakuambia aliyechuma ni nani, aliyemenya na kuosha na kuanika ni nani, na hela ilipotoka aliiona nani. Mama yangu alisema neno moja, "kahawa ilikuwa ya baba yenu, ndizi zilikuwa zangu". Kwenye sentensi hiyo mi nimeelewa maisha ya nyumbani kwetu yote, kwa nini kila siku ya soko alitoka na mkungu kichwani hata akiwa mjamzito, kwa nini sare zetu zilitoka kwenye ndizi na ada ikatoka kwenye kahawa na mwaka bei ikishuka tunafukuzwa shule lakini sare tunayo.

Waulize kuteremka porini kukata majani ya ng'ombe, wanatoka saa ngapi, wanarudi na mzigo saa ngapi, waliimba nini njiani. Waulize kuzaa, nani alikuwa mkunga, mzazi alilishwa nini. Waulize aina za ndizi, mama alinitajia 14, mi mwenyewe nazijua mchare, kitarasa, ndizi ng'ombe na kisukari na nyingine mbili tatu. Waulize mbege inavyopikwa hatua kwa hatua mpaka kwenye msesewe, lile gome la kutia uchungu, maana sa hivi wengi wananunua tu.

Ila kumbuka bibi hataongea babu akiwepo. Nenda wakati wanachambua maharage au wanamenya ndizi, kaa chini umenye na wewe. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka.

Hela mi sikutoa ya kulipia maneno, ila sikwenda mikono mitupu hata siku moja, sukari kilo 2, majani ya chai, sabuni, mkate. Ukianza kulipa kwa kila hadithi utapata hadithi nyingi kweli.

---

Mzalendo_wa_Njoro:

Samahani wadau sitaki kuvunja moyo mtu ila wazee nao wanatia chumvi. Kwetu tuna wazee wawili wa ukoo mmoja, baba mkubwa na baba mdogo, ukimuuliza kila mmoja kihamba kilianzishwa na nani huyu anakutajia babu yake yule babu yake, na wote wameapa. Sasa ukirekodi unarekodi nini? Mi naona historia ya kweli ni ya maandishi, hii nyingine unaweza ukaandika uongo ukabaki milele.

---

Nkoaranga_Girl:

Ndugu wa Njoro maandishi nayo yaliandikwa na mtu. Mi ni Mmeru, hebu nikuambie la kwetu.

1951 Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki na serikali ya Waingereza ili ardhi wapewe wafugaji wa kizungu, watu kama 3,000. Nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa. Mwaka uliofuata Mmeru mwenzetu Kirilo Japhet akaenda mpaka New York kuongea Umoja wa Mataifa. Hiyo ipo kwenye maandishi, utaikuta. Ila maandishi ya serikali ya wakati ule yanakuambia watu "wamehamishwa" kwenda Kingori, neno moja tu. Bibi yangu alikuwepo. Alisema askari walipofika alikuwa ametenga uji, akaambiwa atoke, akatoka na mtoto mgongoni na sufuria ya uji mkononi maana hakujua ashike nini, akatembea nayo mpaka uji ukapoa, na alipofika walipokaa wengine ndo akagundua amebeba sufuria ameacha shuka za mtoto. Mpaka anakufa alikuwa hali uji wa ulezi. Nionyeshe hilo limeandikwa wapi.

Hata Wapolandi wa Tengeru karibu na Arusha, wakimbizi wa vita ya Hitla walioletwa kuanzia 1942, walikuwa kama 5,000 na makaburi yao yapo pale mpaka leo. Wenzetu wa kule kwao wanakuja kusoma majina kwenye mawe. Lakini wamama wa Kimeru waliokuwa wanawapelekea ndizi na mayai kambini, wakajifunza kuhesabu kwa Kipolandi ili wasipunjwe, nani amewaandika? Bibi alihesabu mpaka kumi mbele yangu nikiwa darasa la tatu na mi nikacheka nikakimbia kwenda kucheza. Sikurekodi. Sasa hivi ndo nalia.

Kuhusu wale wazee wenu wawili, rekodi wote, kila mtu peke yake, na andika pembeni kwamba huyu kasema hivi na huyu kasema hivi. Mi naona wanachogombania hapo ni mpaka, siyo babu. Na hapa ndo namwonya mleta mada, kaka kuwa makini sana na mambo ya ardhi. Mzee akitaja sale, ule mmea wa kuonyesha mpaka, lilipandwa wapi na nani alimpa nani kipande, kesho mtu atataka hiyo sauti aipeleke baraza la kata. Kwetu imetokea, ndugu hawasalimiani. Kabla ya kuwasha mwambie wazi nani atasikia, na akisema hiki usikitoe basi usikitoe, kitenge faili lake. Na hiyo ruhusa irekodi kwa sauti yake mwenyewe mwanzoni, ataje jina lake aseme nimekubali. Siku hizi kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 pia, siyo kienyeji tu.

Na la mwisho, rudisha. Zamani kijijini kwetu alikuja mtafiti na redio kaseti, akakaa wiki mbili, akanywa chai kila nyumba, wazee wakamfungulia mioyo. Akaondoka na kaseti zote. Wale wazee wote wamekufa, na watoto wao hawajawahi kusikia hata dakika moja. Tafadhali usifanye hivyo hata kama wewe ni mtoto wa pale pale.

---

Mwalimu_Mstaafu_Moshi:

Binti yangu wa Nkoaranga pole sana, na asante. Namuongezea ndugu wa Njoro tu kwamba ukikusanya wazee wawili watatu wa rika moja pamoja wanasahihishana wenyewe, mmoja akisema mwenzake anamkatiza hapana, hiyo ilikuwa baada ya bei ya kahawa kuanguka. Ila fanya hivyo kwa mambo ya kijiji, kazi ya mfongo, ujenzi wa shule, soko. Mambo ya nyumba ya mtu usiyaweke kikaoni.

---

Fundi_Sauti_Mosh:

Naongelea upande wa vifaa maana naona hamjaugusa. Simu ya kawaida inatosha kabisa kuanzia, usisubiri kununua vitu. Ila zima laini kwanza, mtu akikupigia katikati rekodi inaweza kukatika na usijue. Kama una maiki ndogo ile ya kubana kwenye kola mfunge mzee, za bei poa zipo mjini na zinabadilisha kila kitu.

Angalia mvua. Chini ya bati mvua ikipiga husikii kitu, na huku kwetu Machi mpaka Mei ni kila siku, kwahiyo panga mapema. Kaa mbali na banda la ng'ombe na radio ya jirani. Ukimaliza sekunde 30 za mwanzo sikiliza kabla hujaendelea, nimeona mtu karekodi saa nzima kidole kiko kwenye maiki.

Programu ikikupa uchaguzi chagua WAV, ni kubwa, saa moja ni karibu MB 300, lakini haijakatwa kitu. Usitegemee WhatsApp kuwa ndo ghala, ile ya sauti inabanwa na ubora unashuka, na kundi likifutwa imekwenda. Weka nakala tatu, kompyuta yako, eksteno yaani diski ya nje, na moja ikae nyumba nyingine kabisa, hata kwa dada yako Arusha, maana nyumba inaungua mara moja na vyote vilivyomo. Flashi peke yake usiiamini.

Afu jina la faili. Usiache zile namba ambazo simu inaipa rekodi yenyewe. Andika tarehe, kitongoji, jina la mzee. Na kwenye daftari andika dakika ya ngapi anaongea nini, hata kwa mkato, dakika ya 5 mfongo, dakika ya 18 njaa. Rekodi 20 bila daftari hakuna mtu atakuja kuzisikiliza, hata wewe.

---

Mchare_wa_Kibosho:

Wakuu nimerudi, samahani nimechelewa, nilitaka nifanye kwanza ndo niongee.

Mwalimu shikamoo tena. Jumamosi nimeenda na babu mfongoni. Mi nilijua tutatembea nusu saa, tumetoka saa 3 asubuhi tukarudi saa 8 mchana na mama amekasirika chakula kimepoa. Mzee anatembea na fimbo, kila akifika mahali anaichomeka kwenye mfereji anasimama. Sehemu kubwa sa hivi ni kavu, mabomba yamekuja na watu wamejengea juu yake, mi nimepita hapo miaka yote sijui kama ni mfongo. Akapiga magoti, mzee wa umri ule, akang'oa magugu akanionyesha jiwe moja lina mfuo katikati, akasema hapa ndo maji yalikuwa yanagawanyika, na walikuwa wanaziba na kipande cha mgomba na udongo wenye nyasi, wa kushoto akimaliza zamu anatoa anahamishia kulia. Afu akaanza kutaja nyumba, moja moja mpaka chini, kama anasoma rozari, na zamu ya kila mmoja. Nyumba nyingine hazipo, ukoo umehamia Moro na Dar, kihamba kina mwingine. Alitaja 19 hakukosea, nilimrudisha jioni akataja zile zile.

Nilipomwuliza asiyetoka kwenda kuzibua alifanywa nini, akacheka akasema faini ilikuwa mbege, na kuna mzee mmoja alilipa mara nyingi mpaka watu wakawa wanamwombea achelewe. Hiyo nimeirekodi na kicheko chake chote.

Mama Dorcas ulisema kweli kabisa. Jioni tunamsimulia bibi tulipopita, alikuwa anamenya ndizi, nikachukua kisu nikakaa. Akasikiliza afu akasema huyo babu yako anajua maji ya shamba, maji ya kunywa hayajui. Akasema yeye aliamka saa 11 alfajiri achote kabla ng'ombe hawajakanyaga, na kulikuwa na sehemu yao wasichana tu, pale ndo walikuwa wanapeana habari zote za kijiji, nani kachumbiwa, nani kafukuzwa. Babu yupo pale pale anamwangalia kwa mshangao, wana miaka zaidi ya 50 kwenye ndoa. Hakumkatiza hata mara moja.

Dada wa Nkoaranga, ruhusa nimeichukua kwa sauti, na palipotajwa mpaka wa kwetu na jirani nimekata nikaweka pembeni kama ulivyosema, na babu mwenyewe ndo alisema "hapo pafunike". Nakala ya kwanza nimempa yeye, kwenye simu ya binamu yangu anayekaa nao. Anaisikiliza kila jioni.

Kuna kitu kimoja naomba msaada. Dakika ya 31 babu ametumia neno la Kikibosho la mlio wa maji yanapofika mfongo ambao ulikuwa mkavu, ule wa kwanza kabla hujayaona yenyewe. Nilimwomba anitafsirie akasema halina Kiswahili, ni ule mlio tu. Mama halijui, baba mdogo anasema alilisikia utotoni. Kama kuna Mkibosho mtu mzima humu, au wa Uru na Machame mwenye neno linalofanana, anitumie meseji nimpe kipande hicho asikilize, nataka niliandike vizuri kabla sijaenda kwa mzee wa pili Jumamosi ijayo.